Ndizi zapiga kinanda, gawio ni la nani?

Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Marekani, Jay Silver na Eric Rosenbaum, walibuni kibao kidogo cha umeme kiitwacho Makey Makey. Mtoto huchomeka nyaya zake kwenye ndizi. Akiigusa, kompyuta hudhani amebonyeza kitufe, na kinanda kinalia. Akitaka mlio mwingine anaweza kuandika programu mwenyewe kwa Scratch, inayotolewa bure. Hapo ndipo somo lilipo.

Mwaka 2012 waliomba umma dola 25,000 kupitia Kickstarter. Watu zaidi ya 11,000 walitoa dola 568,106. Wakalijua soko kabla ya kutengeneza mzigo, jambo ambalo wafanyabiashara wetu wengi hulifanya kinyumenyume.

Lakini mwekezaji mdogo asichanganye mambo. Fedha zile hazikununua hisa hata moja. Mchangiaji alipata kibao chake, basi. Faida ni ya wenye kampuni. Yalikuwa malipo ya awali ya mteja, na Kickstarter yenyewe haidhamini kwamba mzigo utafika. Anayekuletea mpango wa aina hii huku akiuita uwekezaji, mdai kwanza hati ya hisa.