MASHAURI YA NYUMBANI: VIFARANGA WASIOFANANA NA WAZAZI WAO

Mwezi huu nataka kunena habari ya kuku, nami nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, maana afundishaye wengine haifai afiche mahali alipojikwaa.

Katika kijiji chetu yuko mama mjane afugaye kuku kidimu, yaani wale ambao manyoya yao hayalali mwilini, bali hujikunja na kuelekea mbele kana kwamba yamepeperushwa na upepo. Alikuwa na jogoo mmoja na koo mmoja, wote wawili kidimu. Koo akaatamia, akaangua vifaranga 11. Siku zile zile kuku wa jirani, mwenye manyoya ya kulala, naye akaangua. Baada ya majuma kadhaa jirani akaona vifaranga wake watatu wamepotea. Akachungulia uani kwa mjane, akaona katikati ya kidimu wamo watatu wenye manyoya ya kulala. Akasema, "Kidimu na kidimu watazaaje kuku wa namna hii? Hawa ni wangu."

Shauri likaletwa kwetu sisi wazee wa kanisa. Mjane akasema, "Mwalimu, naliwaona wakitoka mayaini kwa macho yangu." Lakini sisi tulitazama manyoya, hatukumsikiliza. Mimi nalikumbuka mapatano ya Yakobo na Labani, jinsi walivyoifanya rangi ya mnyama kuwa ushahidi, hata asiye na madoa akionekana katika kundi la Yakobo ahesabiwe kuwa ameibwa. Nikajiona mwenye hekima, nikaamuru awatoe wale watatu. Akawatoa bila kelele. Tangu siku ile wanawake waliita kuku wao nyumbani kila alipopita, na yeye mwenyewe kanisani aliacha mahali pake pa mbele, akawa anaketi nyuma karibu na mlango.

Miezi michache ikapita. Bwana mifugo akaja kuwapa kuku chanjo ya kideri, nami nikamsimulia hukumu ile kama mtu ajisifuye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, umemnyang'anya mama yule kuku wake."

Akanieleza hivi. Kila kuku ana sehemu mbili za urithi katika jambo hili la manyoya: moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Naye akizaa, humpa kila mtoto moja tu katika hizo mbili, bila kuchagua. Kuku wa manyoya ya kulala ana sehemu mbili za kulala. Kidimu wa kawaida ana moja ya kujikunja na moja ya kulala. Ile ya kujikunja ndiyo ionekanayo, na ile ya kulala imefichika. Basi kidimu wawili wakipandana, katika kila vifaranga 4, kwa wastani, mmoja hupata kujikunja kwa baba na kwa mama, wawili hupata moja na moja, na mmoja hupata kulala pande zote mbili. Huyu wa mwisho ana manyoya ya kulala kabisa, naye ni mtoto halali wa wazazi kidimu. Vifaranga watatu katika 11! Tazameni jinsi ilivyokaribiana na hesabu hiyo.

Kanuni hii aliigundua mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri mjini Brno, akaichapisha mwaka 1866. Mwaka 1902 William Bateson wa Uingereza alionyesha kwamba undu wa kuku hufuata kanuni hiyo hiyo, na mwaka 1930 Landauer na Dunn wa Marekani wakaeleza urithi wa kidimu. Mwaka 2012 wataalamu walionyesha asili yake hasa: ni kasoro katika jeni moja ya keratini, nayo huudhoofisha uti wa unyoya hata ukapinda.

Sikuridhika kwa maneno tu. Nalimwazima mjane jogoo na koo wake, nikawafungia peke yao katika kizimba. Mayai ya majuma matatu ya kwanza tuliyala, kwa kuwa koo aweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa zamani kwa muda kama huo. Kisha nikamwacha aatamie, mara mbili. Kifaranga akitoka yaini hajulikani bado. Ni manyoya ya mbawa yakiota ndipo kidimu aonekanapo. Nalihesabu 19: kidimu 10, wa manyoya ya kulala 5, na wengine 4 ambao manyoya yao yalikuwa membamba, yakikatika ovyo, hata ngozi ikaonekana.

Hapo nalijua la kufanya. Nalichukua matembe watatu katika kuku zangu mwenyewe, nikampelekea mjane. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya watu wote, nikasema kwamba mama yule hakuiba, na kwamba mimi ndimi niliyemhukumu kwa jambo nisilolijua. Jirani naye akakiri kwamba mwewe alikuwa akizunguka uani kwake siku zile.

Sasa yawafaayo ninyi mfugao. Kwanza, msipandishe kidimu kwa kidimu. Wale wenye urithi wa kujikunja pande mbili ni dhaifu, manyoya huwakatika, na baridi huwatesa. Mpandisheni kidimu na kuku wa manyoya ya kulala, nanyi mtapata nusu kidimu na nusu wa kulala, wote wazima.

Pili, rangi nyingine hufuata hesabu ya namna hii. Katika kuku wa jamii ya Andalusia, mweusi akipandana na mweupe mwenye madoa, watoto wote huwa kijivu. Kijivu na kijivu wakipandana, katika kila wanne mmoja huwa mweusi, wawili kijivu, na mmoja mweupe mwenye madoa. Ndiyo maana afugaye kijivu watupu huona weusi na weupe kila mwaka, wala hapana mtu aliyemtilia mayai ya kigeni.

Tatu, iko rangi iwezayo kuwaambia yupi jike na yupi dume siku ile ile ya kuangua. Jogoo mwekundu wa Rhode Island Red akipandana na koo mweupe wa Light Sussex, vifaranga majike hutoka wa rangi ya hudhurungi, na madume hutoka wa manjano hafifu. Sababu yake ni kwamba koo huwapa wanawe madume tu sehemu ile ya weupe. Mkiwageuza wazazi, koo mwekundu na jogoo mweupe, alama hiyo haipatikani.

Lakini jihadharini. Hesabu hii ni ya wastani: katika vifaranga wachache yaweza kupotoka sana. Tena kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika tangu zamani, na weupe waweza kufunika rangi nyingine zisizoonekana. Wala rangi haionyeshi wingi wa mayai. Atakaye mayai na ahesabu mayai.

Ninyi waalimu, wafundisheni watoto kwa maharagwe. Tieni katika mifuko miwili, kila mmoja, harage moja jekundu na moja jeupe. Mtoto atoe moja katika kila mfuko bila kutazama, aandike alichopata, ayarudishe, arudie mara 40. Wataona wenyewe kwamba mara 10 hivi hutoka meupe mawili, ingawa hakuna mfuko uliokuwa na meupe matupu.

Na ninyi wazee mletewao mashauri ya kuku, mbuzi, au mtoto asiyefanana na baba yake, ulizeni kwanza, hukumuni baadaye. Mama yule amerudi mahali pake pa mbele, lakini ilimchukua muda mrefu, na muda ule nalimnyang'anya mimi.