Mzigo Ungali Ghalani China: Nauli Ikipanda, Alipe Nani?



Maswali yanayotufikia kuhusu biashara za mtandaoni yamekuwa mengi, na karibu yote yana sura moja. Mama wa nyumbani au binti aliyemaliza skuli amefungua duka ndani ya simu yake. Hana chumba cha duka wala bohari. Picha za mikoba na viatu anazipata kwa wenye viwanda, anaziweka hadharani, na mteja aliyeko Chake Chake anapenda mkoba wa shilingi 45,000. Analipa kwa pesa za simu, na anaambiwa: "Usafiri tutajua mzigo ukifika." Miezi miwili inapita. Mzigo unafika na usafiri wake ni 18,000. Mteja anasema hakukubaliana na hilo, na muuzaji anasema hata yeye ametozwa na hakuzua kitu. Wote wawili wanasema kweli. Na kwa kuwa visiwa vyetu ni vidogo, wawili hawa mara nyingi ni majirani au mawifi, na ugomvi wa mkoba unahamia kwenye harusi na maziko.

Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa huwezi kulihukumu jambo kabla ya kulifahamu, basi tuanze na hiyo nauli inavyopatikana.

Anayeagiza China siku hizi hahitaji kusafiri. Mawakala wa usafirishaji wana maghala Guangzhou na Yiwu. Muuzaji hupewa anwani ya ghala pamoja na alama yake ya mzigo, yaani jina au namba inayoandikwa juu ya boksi. Kiwanda hupeleka bidhaa pale, wafanyakazi wa ghala huzipokea na kuzipima, kisha huziweka pamoja na mizigo ya watu wengine mpaka kontena lijae. Hapo ndipo hupakiwa melini kuja Dar es Salaam, au kupelekwa uwanja wa ndege kama mwenyewe ana haraka. Dar es Salaam kuna ghala jingine. Kutoka hapo ni boti hadi Malindi, na aliyeko Pemba anaongeza safari nyingine. Muuzaji hajauona mzigo hata mara moja, na kila mkono ulioushika unadai ujira wake.

Wengi wanaingia khasara kwenye kipimo. Wanadhani nauli inafuata mizani. Baharini, kinachouzwa ni nafasi, na hupimwa kwa mita za ujazo. Angani hupimwa vyote viwili, uzito wa mizani na uzito unaotokana na ukubwa wa boksi, na unalipa ule ulio mkubwa. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000, na wengine hugawanya kwa 5,000.

Tuchukue boksi la mikoba 24 lenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40. Mikoba ni myepesi, mizani inasoma kilo 6. Lakini 60 mara 50 mara 40 ni 120,000, ukigawa kwa 6,000 unapata kilo 20. Tuseme wakala anatoza dola 12 kwa kilo ya ndege. Muuzaji aliyehesabu kwa mizani ametarajia dola 72, sawa na dola 3 kwa kila mkoba, na wateja wake amewaambia hivyo. Ankara inakuja ya dola 240, yaani dola 10 kwa kila mkoba. Boksi hilo hilo likija kwa meli ni mita za ujazo 0.12. Kama mita moja ni dola 400, nauli yake ni dola 48, sawa na dola 2 kwa mkoba. Bei hizi ni za mfano, ila hesabu ndiyo hiyo hiyo ghalani. Dola 168 zilizozidi katika boksi la ndege zinaweza kuwa ndio mtaji wote wa binti yule, na pengine ni pesa za kijungu jiko za mama yake.

Halafu bei zenyewe hazitulii. Kuanzia Novemba 2023 meli zilishambuliwa Bahari ya Sham, na kampuni kubwa zikaamua kuzunguka Afrika ya Kusini. Meli inayotoka China kuja Dar es Salaam haipiti huko. Lakini safari za Ulaya zilipokuwa ndefu, meli na makontena yalikaa baharini siku nyingi zaidi, yakapungua kwingineko, na nauli zikapanda hata kwa ambao hawakuhusika. Wanaouza nje nao wamelionja hilo kwa njia nyingine. Marekani ilikuwa ikisamehe ushuru wa vifurushi visivyozidi dola 800. Msamaha huo uliondolewa kwa vya China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, kisha kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasitisha kwa muda kupokea vifurushi vya huko. Fundi wa mikoba ya ukili aliyekwisha kupokea pesa za mteja wa Marekani alijikuta na bei mpya ya kusafirisha baada ya kuuza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa nguo za Idi wanapaswa kuliweka kwenye kalenda zao. Mwaka mpya wa Kichina hufuata mwezi, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Kabla ya kufungwa, kila mtu hukimbilia ghalani na nafasi huwa ghali. Mwaka 2026 siku hiyo ilikuwa Februari 17, na Ramadhani ya 1447 ikaingia papo hapo. Mwaka 2027 ni Februari 6, na Ramadhani inatarajiwa kuandama karibu na siku hizo pia. Kwa hiyo wakati ambao mama zetu wanataka vitambaa na kanzu za Idi ndio wakati ambao China imefunga milango. Anayemuahidi mteja wakati huo na nauli haijui anajitia mtegoni mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sheria. Wapo wanaosema kuwa vitabu vyetu havikuyajua mambo haya. Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu hadi leo, kuwa katika mauzo ya salam ni lazima kutaja mahali pa kukabidhiana ikiwa kukibeba kitu kuna gharama. Salam ni kulipa bei yote sasa kwa kitu kilichoelezwa sifa zake na kitakacholetwa baadaye. Fuqahaa waliona wazi kuwa ngano ya kupokelewa mji huu na ngano ya kupokelewa mji ule si bei moja, kwa sababu ya ubebaji. Boksi la kupokelewa Guangzhou, la kupokelewa Dar es Salaam na la kupokelewa Mkoani ni bidhaa tatu kwa maana hiyo.

Ukishalifahamu hilo, suali la nani alipe nauli iliyopanda linageuka kuwa suali jingine: huyu binti ni nani katika mkataba huu? Ni muuzaji, au ni wakala wa mteja?

Akiwa muuzaji, bidhaa iko katika dhamana yake mpaka mteja aipokee. Meli ikichelewa, boksi likilowa, nauli ikipanda, ni juu yake. Nauli ikishuka, kilichobaki ni faida yake halali na hana haja ya kumwambia mtu. Huyu anatakiwa ataje bei moja iliyokamilika hadi mahali pa kupokelea, aeleze sifa za kitu, aweke tarehe inayojulikana, na apokee bei yote pale pale wanapokubaliana. Mazoea ya "nusu sasa, nusu mzigo ukifika" hayaifanyi salam kuwa sahihi katika madhehebu yetu ya Shafi'i. Na asiuze boksi maalumu ambalo bado ni mali ya kiwanda, kwani Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Aliyekwisha kununua na mzigo wake ukapokelewa ghalani kwa jina lake, na wakala akaupokea kwa niaba yake, huyo hali yake ni nyengine. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah ilipitisha mwaka 1990 kuwa kumiliki kunaweza kuwa kwa hukumu bila kushika kwa mkono, pale mtu anapowezeshwa kukitumia kitu chake. Ndugu zetu walioko Uingereza wanaoweka bidhaa zao katika maghala ya Amazon wanaingia hapa pia: bidhaa ni yao, ghala ni muajiriwa wao, na viwango vya ujira vimetangazwa, ingawa waangalie kuwa ada ya kuhifadhi hupanda kuanzia Oktoba hadi Disemba na mzigo uliolala muda mrefu hutozwa zaidi.

Akiwa wakala, mambo yanageuka. Mali ni ya mteja tangu iliponunuliwa, na nauli ni ya mteja vyovyote itakavyokuwa, hata ikizidi, madhali wakala hakuzembea. Hapa kusema "usafiri tutajua ukifika" hakuna tatizo. Kinachotakiwa kujulikana ni ujira wa wakala, tuseme shilingi 5,000 kwa kila mkoba. Lakini wakala ni mwaminiwa. Bei ya kiwanda ataisema ilivyo, ankara ya ghala ataionesha, na punguzo akipewa ni la mteja. Akiongeza 4,000 za siri juu ya nauli, hiyo ni khiyana, hata kama mteja ameridhika na mkoba.

Na hapa ndipo penye maradhi ya soko letu. Wengi wanataka kuwa wauzaji siku ya faida na mawakala siku ya khasara. Bei ya kiwanda wanaificha kama muuzaji, nauli wanamtwisha mteja kama wakala. Sheria haiwapi hilo. Wakati wa kuchagua ni kabla ya kupokea pesa, na maandishi machache ya simu yanatosha kuwa ushahidi. Amri ya kuandika madeni katika Suratul Baqara haikusema lazima iwe karatasi. Wateja nao wasijitoe: anayebembeleza bei ya chini ya uwakala kisha akataka dhamana ya muuzaji naye anavuta kamba upande wake.

Kuna suali la kuvunjika na kupotea. Mawakala wengi huandika kuwa hawahusiki na mzigo ulioharibika. Katika kauli iliyo dhahiri zaidi kwa wanazuoni wa Kishafi'i, muajiriwa ni mwaminiwa na halipi isipokuwa amezembea. Wengine, wakiwemo Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wanamdhaminisha anayefanyia kazi watu wengi kwa jambo analoweza kujikinga nalo. Na imepokewa na ar-Rabi' kuwa Imam Shafi'i mwenyewe aliona mafundi hawadhamini, lakini hakuwa akilitangaza, kwa kukhofia mafundi wabaya. Tukiyatazama maghala yanayofungua maboksi na kupoteza nusu ya vitu huku yakionesha karatasi, tunaifahamu vizuri khofu yake. Kwa vyovyote, karatasi haiondoshi dhamana ya uzembe. Muuzaji apige picha, ahifadhi namba ya mzigo, na aulize mapema siku ngapi za kuhifadhiwa bure Dar es Salaam kabla ya ada kuanza kuhesabiwa.

Tukirudi kwa yule mteja wa Chake Chake na mkoba wake: bei ilitajwa 45,000, mkoba ulikuwa haujanunuliwa, na juu yake likawekwa sharti la nauli isiyojulikana. Wala haikusemwa kuwa muuzaji ni wakala, wala ujira wake haukutajwa. Mkataba huo umeharibika kwa kutojulikana bei, na hakuna mmoja anayeweza kumlazimisha mwenziwe kwa huo. Mteja ana haki ya kurudishiwa 45,000 zake kamili, bila kukatwa kitu cha usafiri wala usumbufu. Lakini mkoba sasa upo, uko mikononi mwa muuzaji, na nauli yake imejulikana. Wakitaka, wafunge mkataba mpya leo: 63,000, au 55,000 wakigawana machungu, au kiasi chochote watakachoridhiana, na mteja akikataa muuzaji aurudishe mkoba sokoni na amuuzie mwengine kwa bei anayoiona. Kama pesa za mteja zimeshatumika kulipia ghala, hilo ni deni juu ya muuzaji, na akiwa na dhiki apewe muda.

Wallahu a'lam.