Mume Wangu, Mimi na Spider-Man

Mwezi huu nilipanga tuongee kuhusu bajeti ya fungate, lakini mambo ya nyumbani kwangu yameniharibia ratiba. Naomba tuzungumze kuhusu gemu. Ndiyo, gemu! Na wale kina kaka mnaoanza kutabasamu, subirini kwanza, hamjashinda kesi.

Miezi michache iliyopita mume wangu alitoa kwenye boksi la viatu kimashine chake cha Game Boy, zawadi ya mjomba wake baharia enzi hizo yuko shule ya msingi. Usifikirie kitu cha kisasa. Nintendo walikitoa mwaka 1989. Kinatumia betri nne ndogo, na kioo chake kina vivuli vinne tu vya kijani, basi. Kaseti aliyonayo ni moja: The Amazing Spider-Man ya mwaka 1990, iliyotengenezwa na Rare ya Uingereza na kuuzwa na LJN ya Marekani.

Kwa msioijua, hadithi yenyewe ni fupi. Mary Jane, mke wa Peter Parker, ametekwa. Wewe ndiye Spider-Man, unahangaika New York kumtafuta: unaruka, unapanda kuta za maghorofa, unaning'inia kwenye utando, unapigana na wahuni. Mwisho wa kila levo kuna mbabe anakusubiri. Ukimmaliza Mysterio unakutana na Hobgoblin, halafu Scorpion, Rhino, Doctor Octopus, na mwisho kabisa Venom mwenyewe. Kinachochekesha ni kwamba katikati ya levo na levo, Spider-Man na hao maadui wanarushiana maneno kama konda na abiria aliyekataa kulipa nauli.

Hakuna kuhifadhi ulipofikia ili uendelee kesho. Unaanza moja.

Basi bwana, ikawa kila siku ikifika saa nne usiku, mwenzenu niko kitandani peke yangu.

"Baba, huji kulala?"

"Nakuja mama, namalizia levo hii."

Levo yenyewe haiishi! Nikamsimulia shosti wangu mmoja, akacheka mpaka machozi. "Mshukuru Mungu," akaniambia. "Afadhali Spider-Man kuliko nyumba ndogo." Maneno yale yalinituliza siku mbili. Ya tatu nikaanza kuona mengine. Mume wangu alikuwa hasimulii tena vituko vya ofisini. Simu zake za jioni zilikuwa haziiti. Ada ya mtoto, ambayo kila muhula huwa analipa mapema, safari hii ilikuwa "wiki ijayo" kila wiki.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Sasa, Game Boy ile ya kwanza haina taa ndani ya kioo. Giza likiingia, muziki unaendelea kulia lakini huoni kitu. Nikajua leo atakuja kulala. Wapi! Alibaki palepale sebuleni, amekishika mkononi, kinalia gizani.

Kusema ukweli sijui nini kilinituma. Nikachukua simu yangu, nikawasha tochi, nikakaa pembeni yake na kummulikia. Labda nilitaka kumwona huyo aliyenishinda. Alikuwa kwa Scorpion. Akafa.

"Nipe na mimi," nikamwambia.

Nilikufa levo ya kwanza kabla hata dakika haijaisha. Akacheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijausikia mcheko ule kwa muda mrefu. Akaweka kidole chake juu ya changu kwenye kitufe. "Usiruke haraka. Mwache aje." Halafu, macho yake yakiwa kwenye kioo, akasema taratibu, "Mama, kazini walinipunguza. Hii ni wiki ya tano."

Wiki ya tano! Ina maana wiki tano nilikuwa nampigia pasi mashati mtu anayekwenda kukaa mgahawani na bahasha ya vyeti mpaka saa kumi na moja jioni.

Ningeweza kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, akajibu, "Nilitaka nikwambie nikiwa nimeshapata nyingine." Tukalala kila mtu na ukuta wake.

Kesho yake ofisini, mimi na shahada yangu ya mawasiliano, nikaanza kumsoma huyu Spider-Man. Stan Lee na Steve Ditko walimtoa mwaka 1962, na kilichowafanya vijana wampende ni kwamba akivua ile barakoa ana shida kama zetu: kodi ya nyumba, hela haitoshi, kuchelewa kila mahali. Anaificha siri yake karibu kwa kila mtu. Lakini kwenye vitabu vya katuni, alipomuoa Mary Jane mwaka 1987, mwanamke huyo alikuwa tayari anaijua siri hiyo. Aliingia kwenye ndoa macho yakiwa wazi. Mwaka 2007 waandishi wakaifuta ndoa ile: wenyewe wawili waliitoa kwa shetani aitwaye Mephisto ili shangazi May apone. Nilipofika hapo nikafunga kompyuta.

Kilichoniuma ni ile gemu. Mle ndani Mary Jane hana kazi yoyote. Hana kitufe. Anakaa mwisho wa levo ya sita akisubiri kuokolewa. Nikaona kwamba mume wangu alikuwa ameniweka hapohapo. Alikuwa anapigana peke yake kwa ajili yangu, wakati mimi nipo kochi la pili, mzima, nina mshahara na nina tochi.

Lakini mpenzi msomaji, nani alinipeleka huko levo ya sita? Nilikumbuka sherehe moja ya mwaka jana. Mume wa rafiki yetu alikuwa hana kazi, na mimi, kwa sauti ya kuchekesha watu, nikasema mwanaume asiye na kazi ni mapambo ya sebule. Watu walicheka sana. Mume wangu alikuwepo, na alicheka pia. Sasa mtu aliyesikia hilo kwa mkewe, siku anapewa barua ya kupunguzwa atalifungua vipi jambo hilo?

Jioni ile nilianza mimi. Nilimwomba radhi kwa maneno ya ile sherehe, kabla sijadai ya kwangu. Akaniomba radhi kwa zile wiki tano. Kisha tukachukua karatasi: ada, kodi, michango ya harusi tuliyoahidi kwa mbwembwe. Tulifuta tulivyoweza kufuta. Mpaka leo hajapata kazi ya kudumu, ana vibarua vya hapa na pale, na kuna miezi tunabanana kwelikweli. Ila tunabanana wawili.

Yaliyonifundisha ni machache, yachukue kama yanakufaa. Mwenzako akianza kujificha kwenye gemu, mpira au simu, usianze kwa kukigombeza hicho kifaa, kaa karibu uone anakimbia nini. Chunga utani wako kuhusu shida za watu wengine, maana wa kwako anasikiliza na anaweka akiba. Na wewe unayeficha kwa nia ya kumlinda mwenzako, hesabu siku. Siku ya kwanza ni mshtuko. Wiki ya tano ni uongo.

Game Boy haijarudi kwenye boksi. Tunapokezana, mmoja akifa anampa mwenzake. Juzi tulifika kwa Doctor Octopus, betri zikaisha. Tukatukana kidogo, tukaenda kulala saa nne na nusu, wote.

Je, wewe mwenzako amekuweka levo ya ngapi? Muulize leo. Tukutane mwezi ujao, na ile bajeti ya fungate nawaahidi.