Basi limewahi kufika, lakini lilikwendaje?

Ajali ya basi ikitokea, mabishano huwa yaleyale: abiria wanasema dereva alikuwa anakimbiza gari, yeye anasema alikwenda mwendo wa kawaida. Kwa mabasi ya mikoani hapa Tanzania yupo shahidi wa tatu. Ni kifaa cha VTS, mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwenendo wa magari. Kinarekodi basi liko wapi na linakwenda mwendo gani. Kumbukumbu hizo zikichorwa, tunapata grafu zilezile anazosoma mwanao kwenye Fizikia ya sekondari.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wakati abiria wengi wamelala, shahidi huyu ana kazi zaidi. Tujifunze kumsoma.

Chukulia safari ya Dodoma hadi Singida, karibu kilomita 240. Basi limeondoka saa 2:00 asubuhi, limefika saa 6:00 mchana. Kwa saa nne, wastani ni kilomita 60 kwa saa. Mwisho wa mwendo kwa basi ni 80, na kwenye makazi ni 50. Kwa wastani huo dereva anaonekana hana kosa.

Sasa tazama grafu ya umbali na muda. Muda unasomeka kwenda kulia, umbali kwenda juu. Mstari ukilala, basi limesimama. Ukipanda, linatembea, ukipanda wima zaidi, linakimbia zaidi. Tuseme mstari umelala dakika 90 kwa jumla: Manyoni, vituo vya njiani na kwenye ukaguzi. Maana yake basi lilitembea saa mbili na nusu tu. Gawanya 240 kwa 2.5, unapata 96. Kwa hiyo lazima kuna mahali lilivuka 80.

Grafu ya mwendo na muda ndiyo inayochanganya wengi. Hapa mstari ukilala kwenye 80, basi halijasimama. Linakwenda 80 bila kuongeza wala kupunguza. Limesimama pale tu mstari unapolala kwenye sifuri. Mstari ukiporomoka ghafla, dereva amekanyaga breki.

Tena, eneo lililo chini ya mstari huo ni umbali uliosafiriwa. Mwendo wa 80 kwa nusu saa ni kilomita 40. Dereva anapofunga breki mpaka kusimama, mstari unashuka na kuacha pembetatu. Akianzia 100 badala ya 80, kwa breki zilezile, pembetatu inakuwa ndefu na pana zaidi. Umbali wa kusimama unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kama ng'ombe wanavuka barabara, hapo ndipo penye uhai na kifo.

Ndiyo maana wastani hautoshi kumsafisha dereva, na ratiba iliyotimia haitoshi pia. Dakika zilizopotea kituoni hufidiwa barabarani, na wanaolipa ni abiria.

Unaweza kupima mwenyewe. Palipo na nguzo za kilomita, tumia saa ya simu yako. Kilomita moja kwa sekunde 45 ni mwendo wa 80. Ikichukua sekunde 36, mko kwenye 100. Hapo mwambie kondakta mapema, kabla grafu haijasomwa na wachunguzi wa ajali.