Ng'ombe akifa, deni la daktari nalo life?

Asubuhi moja ya msimu wa mvua uliopita niliitwa kwa mkuu wa mudugudu wetu, huku Kirehe, si mbali na daraja la Rusumo. Nilidhani ni mambo ya kodi ya soko au kesi ya mbuzi waliokula maharage ya mtu. Nilipofika nikamkuta mama mmoja mjane, jirani yangu, amekaa kwenye mkeka na karatasi mkononi. Upande wa pili alisimama kijana wa pikipiki, veterineri wa binafsi, kofia ya pikipiki kwapani. Karatasi ile ilikuwa hesabu ya deni: faranga 46,000. Ng'ombe aliyetibiwa kwa fedha hizo alikuwa amezikwa siku tatu kabla.

Mama yule ni mmoja wa waliorudishwa kutoka mkoa wa Kagera, Tanzania, mwaka 2013, wakati wa ile operesheni dhidi ya wahamiaji wasio na vibali. Alivuka daraja na watoto wanne na godoro moja. Ng'ombe aliokuwa nao huko hakuwaona tena. Baadaye akapata ng'ombe wa Girinka, ule mpango ulioanzishwa mwaka 2006 ambao familia maskini hupewa ng'ombe mmoja, na mtamba wa kwanza atakayezaliwa huenda kwa jirani aliye kwenye orodha. Alikuwa ng'ombe chotara wa maziwa, ambaye sokoni asingepungua laki sita. Alikuwa amezaa wiki tano tu. Ndama alikuwa jike.

Nisikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda. Siku ya kwanza ng'ombe alikataa majani. Veterineri akaja, akamgusa masikio, akasema ni homa, akapiga sindano ya oksitetrasaiklini, 8,000. Siku ya tatu ng'ombe bado amelala, akaja tena, akapiga sindano nyingine na vitamini, 9,000. Siku ya tano ng'ombe akaanza kukohoa na kupumua kwa shida. Hapo ndipo kijana akashika tezi chini ya sikio, akaikuta imevimba kama yai, akasema, "Mama, hii ni ndigana kali." Akatoa dawa yenyewe, 29,000. Usiku wa siku ya sita povu likamtoka ng'ombe puani, na kulipokucha alikuwa amekufa.

Mama anasema: "Angejua siku ya kwanza, ng'ombe wangu angekuwa hai. Nimlipe kwa kuniulia?" Kijana anasema: "Mzee, dawa niliinunua kwa fedha yangu. Dukani hawaniulizi kama ng'ombe amepona." Mkuu wa mudugudu akanigeukia, kwa kuwa mimi nafuga na nimefanya biashara ya mbuzi mpakani miaka mingi, akaniuliza nani ana haki.

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu siku ile. Lakini nimelifikiria jambo hili tangu hapo, maana kesi hii si ya mama huyu peke yake. Nenda upande wa Nyagatare, nenda Mutukula, vuka uende Ngara, utazikuta kesi za namna hii. Hata mwenye mbwa analalamika. Mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu alikuwa na mbwa wa kulinda stoo yake ya mchele. Mbwa akaharisha damu, akawekewa maji ya dripu siku mbili, akafa. Hadi leo bwana yule hajalipa, na akikuona anakuuliza kwa sauti ya juu: "Maiti inalipiwa?"

Nianze na sisi wafugaji, hasa sisi tuliorudi. Tulipokuwa Karagwe, na wenzetu waliokuwa Uganda, kila mwenye ng'ombe alikuwa na sindano yake na chupa yake ya oksitetrasaiklini ndani ya mkoba wa ngozi. Ng'ombe akiinamisha kichwa tulijipigia wenyewe. Wengi walipona, nasi tukajiona madaktari. Lakini wale walikuwa ng'ombe wa pembe ndefu, waliozaliwa katikati ya kupe na kuishi nao. Wengi hupata ugonjwa wakiwa ndama, wanaokufa wanakufa, wanaobaki wanakuwa na kinga. Huyu chotara wa maziwa, mwenye damu ya Ulaya, hana kinga hiyo. Ndigana kali akimpata leo, unahesabu siku. Kwa hiyo mzee anayemwambia veterineri, "Mimi nimefuga miaka arobaini, piga hii," anasema kweli kuhusu miaka arobaini, ila anamzungumzia ng'ombe mwingine.

Ugonjwa wenyewe, ambao kwa Kinyarwanda tunauita ikibagarira, huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Usidhani ng'ombe wa bandani yuko salama: kupe huja ndani ya majani tunayokata kando ya barabara na kumletea mdomoni. Baada ya kuumwa hupita wiki moja au mbili hivi kabla ya homa kuonekana. Tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, kisha mapafu hujaa maji. Dawa inayotibu ipo, inaitwa buparvakwoni, na inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Mapafu yakishajaa, unacheza kamari. Ile oksitetrasaiklini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Inatibu ndigana baridi, ambayo nayo huanza kwa homa na kukataa majani. Hapo ndipo penye mtego wote. Siku ya kwanza magonjwa haya yanafanana, na njia ya uhakika ya kuyatenganisha ni kuchukua damu kidogo sikioni na maji ya tezi, kupaka kwenye kioo na kutazama kwa hadubini.

Sasa niulize: ni nani kati yetu amewahi kumlipa veterineri kwa kutazama tu? Aje na pikipiki yake, apime joto, ashike tezi, achukue damu aende nayo mjini, arudi kesho aseme, "Ni ugonjwa fulani." Kisha umpe faranga zake kabla hajatoa sindano mfukoni. Hakuna. Tungemwita mwizi. Sisi tunalipia sindano. Kichwa kilichosoma hatukilipii, tunalipia chupa tunayoiona kwa macho.

Na kijana ameshajua hivyo. Anajua asipochoma sindano hapati hata fedha ya petroli. Basi anafanya nini? Anachoma. Anachagua dawa ya bei nafuu inayotibu mengi, anaweka gharama za safari na elimu yake ndani ya bei ya dawa, na wewe ukienda kuuliza bei dukani unakuta ni nusu, unapiga kelele kwamba umeibiwa. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa ugomvi wetu. Sisi wenyewe tumemgeuza daktari kuwa mchuuzi wa dawa, halafu tunashangaa anapouza dawa.

Sipendi nieleweke vibaya. Simtetei yule kijana. Kushika tezi hakuhitaji hadubini wala petroli. Ni vidole viwili na dakika moja, na kipimajoto kinakaa mfukoni. Kama angeshika siku ya kwanza, au siku ya tatu walau, pengine tusingekuwa na kesi. Kwa ng'ombe chotara, aliyezaa juzi, msimu wa mvua, mwenye homa, ndigana kali ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Faranga 17,000 za sindano mbili za mwanzo, kwa maoni yangu, hazikuwa halali yake. Na ilinichukiza zaidi kwamba hakuandika chochote mpaka siku ya kudai. Karatasi ile ya deni ilikuwa mara ya kwanza mama kuona jina la dawa aliyochomewa ng'ombe wake, na hata hilo alisomewa na mwanawe.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wenzangu wa mpakani hawatapenda nilitaje. Dawa nyingi za mifugo husafiri kwenye mifuko yetu. Ikiwa bei imeshuka upande ule, chupa huvuka huku, na ikishuka huku, huvuka kule. Chupa inakaa juani kwenye lori kutwa nzima, inalala stoo pamoja na samaki wakavu, inauzwa na mtu asiyejua kusoma kibandiko chake. Kisha ng'ombe hapati nafuu, veterineri analaumu dawa, mwenye duka anamlaumu veterineri, na mfugaji anawalaumu wote wawili. Nami niliwahi kubeba, sijitoi.

Halafu kuna hii tabia ya nusu dozi. Buparvakwoni hupimwa kwa uzito: mililita 1 kwa kila kilo 20. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20, na mara nyingi hurudiwa baada ya siku mbili au tatu. Mfugaji akisikia bei anasema, "Dokta, piga kumi kwanza tuone." Dokta, ili asikose yote, anapiga kumi. Ng'ombe anainuka, anakula kidogo, tunampongeza dokta, na baada ya siku chache anaanguka tena. Hapo nani kamuua? Veterineri aliyekubali anajua alichofanya. Mfugaji aliyeomba hajui, na ndiyo maana naona mwenye elimu ndiye angepaswa kukataa. Lakini kukataa kwataka tumbo lililoshiba. Nimeliona daftari la madeni la kijana yule. Limejaa. Mwingine aliahidi kumlipa maharage baada ya mavuno, na mavuno yamepita mara mbili.

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo bwana mifugo alikuja bure na majosho yalikuwa ya serikali. Miaka ya 1980 na 1990, kwa mashinikizo ya Benki ya Dunia, serikali nyingi za ukanda wetu zilijitoa kwenye matibabu na kuwaachia watu binafsi. Huduma ikawa biashara, lakini kanuni za biashara hatukuwekeana. Hakuna bei iliyobandikwa ukutani wala risiti.

Turudi kwa mkuu wa mudugudu. Kilichotushinda siku ile kilikuwa ushahidi. Ng'ombe alikwisha zikwa. Kama angepasuliwa mbele ya veterineri mwingine, povu kwenye koo la hewa na mapafu yaliyojaa maji vingeonyesha kama kweli ilikuwa ndigana kali, au kama kijana alikosea hata mara ya tatu. (Naomba msinielewe vibaya hapa pia: ng'ombe aliyekufa ghafla na damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma asipasuliwe na mtu yeyote, hiyo yaweza kuwa kimeta, na kimeta huua binadamu. Mwite ofisa wa mifugo wa sekta.) Mzoga wetu haukuwa wa namna hiyo. Ulizikwa kwa haraka kwa sababu mama hakutaka watoto wauone.

Wapo watakaosema dawa ya yote ni bima. Ni kweli, tangu mwaka 2019 kuna mpango wa bima ya mazao na mifugo ambamo serikali ilianza kwa kuchangia asilimia 40 ya malipo. Mama yule hakuwa amekata bima. Lakini hata angekuwa nayo, bima huhitaji taarifa ya veterineri kuhusu kifo. Ikiwa aliyetibu ndiye anayeandika taarifa, ataandika kwamba alikosea siku ya kwanza? Mimi nisingeandika.

Ninachotaka si kikubwa. Hesabu iandikwe siku ile ile, mistari mitatu: safari, uchunguzi, dawa, kila kimoja na bei yake, na chupa tupu ibaki kwa mfugaji. Tukubali kulipa ule mstari wa pili hata kama hakuna sindano iliyochomwa. Kila kituo cha kukusanya maziwa kiwe na hadubini moja na mtu mmoja anayejua kuitumia, tukatwe kidogo kwenye lita. Taarifa ya kifo iandikwe na asiyetibu. Na wenye ng'ombe wa kisasa tuungane tuulizie chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, ambayo wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia. Hutunzwa kwenye mitungi ya baridi kali na hutayarishwa kwa ng'ombe wengi kwa mara moja, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuiita peke yake.

Mwisho wa kesi, mkuu wa mudugudu aliamua mama alipe zile 29,000 za dawa ya mwisho, kidogo kidogo, na zile 17,000 zifutwe. Kijana akapanda pikipiki bila kuaga. Mama ameshalipa 10,000 kwa kuuza mkungu na kuku wawili.

Wiki iliyopita alinijia jioni. Yule ndama jike, ambaye kwa utaratibu wa Girinka ameahidiwa familia ya pili kutoka kwake, ana kupe sikioni na hajanyonya chupa yake vizuri tangu asubuhi. Mama akaniuliza ampigie simu nani. Namba aliyo nayo ni ya yule kijana. Nikachukua simu yake, nikapiga mimi.