Besi si Jina

Aliyeandika kwamba mpiga besi wa Kampala asiye na Fender ya Marekani hajaanza kazi, amekosea. Besi ya Fender yenyewe, Precision, ilizaliwa 1951 ikiwa mbadala wa besi kubwa ya kusimama, ngumu kubeba. Leo Squier Precision, kutoka chapa nafuu ya Fender hiyohiyo, ina urefu uleule wa uzi: inchi 34. Ukifika dukani, bonyeza freti moja moja usikie kama uzi unakwaruza, kisha chungulia shingo kama imepinda. Pesa itakayobaki, nunua nyuzi mpya na umlipe fundi. Tazama bendi ya Afrigo, inayochezesha Kampala tangu 1975. Wanaocheza dansi hufuata mdundo, hawaulizi chapa. Kijana, nunua unayoimudu, ufanye mazoezi. Besi huanzia vidoleni.