Njaa Inayozaliwa na Dodoso

Wakati wa janga la Korona, watafiti nchini Ethiopia waliwapigia simu akina mama kuwauliza walichokula. Maswali yalikuwa yale yale kwa wote, ila baadhi waliulizwa habari za chakula mapema na wengine wakacheleweshwa kwa dakika 15 hivi. Robo saa tu. Waliocheleweshwa walitaja aina chache zaidi za vyakula, pungufu ya asilimia 8 hadi 17, na vyakula vitokanavyo na wanyama ndivyo vilivyoporomoka zaidi. Sufuriani hakikupungua kitu. Aliyechoka ni mama mwenye simu sikioni.

Kwa takwimu za namna hiyo, serikali na wafadhili huamua ni wapi pana lishe duni.

Wepesi wa kumwita mhojiwa mwongo haufai. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Jon Krosnick alieleza kwamba aliyechoka hutafuta jibu la kutosha tu, si jibu bora: husema "sijui", hukubali kila analoambiwa, huweka alama ile ile safu nzima. Madodoso ya kaya yana mtego wa ziada, maana kila "ndiyo" huzaa maswali mengine. Una shamba? Ndiyo. Haya, ekari ngapi, zao gani, mbolea ya shilingi ngapi, ulimuuzia nani? Likifika shamba la tatu, shamba hilo halipo tena.

Nchini Ghana, watafiti waliovuruga kwa makusudi mpangilio wa majina ya wanakaya waligundua kuwa kadiri mtu anavyosogezwa mwisho wa orodha ndivyo shughuli zake za kujipatia riziki zinavyopungua kwenye karatasi. Walioathirika zaidi ni wanawake na vijana, ambao tayari kazi zao huhesabiwa kwa shida.

Mdadisi naye huchoka. Tafiti za Demografia na Afya, ambazo zimefanyika Tanzania na Kenya pia, huwa na msururu wa maswali kuhusu watoto wadogo, mara nyingi wa chini ya miaka 5. Katika nchi kadhaa wachambuzi wameona watoto walio karibu na mpaka huo wakiandikwa wakubwa kidogo kuliko walivyo. Mwenye kaya tatu za kumaliza kabla ya giza anajua kwamba mtoto akivuka umri huo, maswali yanakwisha. Nani atamlaumu?

Hata hivyo, kukatakata maswali ovyo si dawa. Jaribio lililofanyika Tanzania mwaka 2007 na 2008 liligawa kaya kama 4,000 katika mbinu nane za kupima matumizi. Kiwango cha njaa kilitoka asilimia 19 hadi 68 kutegemea mbinu, na orodha fupi za vyakula zilikuwa miongoni mwa zilizosahaulisha watu walichokula.

Kinachostahili kukatwa ni sehemu nzima nzima, zile zilizoongezwa kwa sababu kila wizara na kila mfadhili alitaka maswali yake yawemo. Zinazobaki zigawanywe kwa kura, kaya hii iulizwe mifugo, ile iulizwe mikopo, na mpangilio ubadilishwe ili chakula kisiangukie mwisho kila mara. Vishikwambi vya wadadisi hurekodi muda vyenyewe; ripoti zichapishe mahojiano yalichukua dakika ngapi. Na mhojiwa aambiwe ukweli mlangoni: saa mbili zitajwe kuwa saa mbili, si "dakika chache tu, mama."